Mwachie Mto Njia Yake

Mama mpenzi, huenda wewe na mzee mmekwisha kupata kiwanja, au bado mnadunduliza fedha za kukinunua. Kujenga ni furaha ya familia. Kila tofali ni jasho la watu wawili, na nyuma ya kila mfuko wa saruji kuna kitu ambacho watoto walikikosa ili mfuko huo upatikane. Ndiyo maana nataka tuzungumze mapema juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka nyumba ikiwa imekwisha kusimama. Nalo ni kile kijito kinachopita nyuma ya kiwanja, na viumbe wanaoishi humo.

Vitongoji vipya vya Dar es Salaam, kama Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi, Chanika na Toangoma, vimejaa mabonde na vijito. Wakati wa kiangazi kijito huonekana kama mfereji mkavu wenye matete, mkuyu mmoja au miwili, na mbuzi wa jirani wakila majani. Dalali husema, "Hapa maji hayafiki, mama." Bei nayo ni nafuu kuliko ya kiwanja cha juu kule barabarani. Mwaka haujapita, tingatinga limesawazisha, kifusi kimemwagwa, matete yamechomwa moto, na ukuta umejengwa ukingoni kabisa.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni watu, si wanyama wala ndege. Lakini miaka niliyohudumia wagonjwa katika maeneo ya mabondeni imenifundisha kwamba ukingo unaowahifadhi viumbe wa mtoni ndio huohuo unaoihifadhi nyumba ya mwanadamu. Ukiuharibu, wa kwanza kuhama ni chura na ndege. Wa pili ni wewe.

WANAOISHI UKINGONI

Hebu siku moja simama karibu na kijito ambacho bado hakijaguswa, asubuhi kabla ya jua kali. Utawaona mnana wakisuka viota vyao kwenye ncha za matawi yanayoning'inia juu ya maji. Hawakuchagua pale kwa bahati tu: nyoka hupata taabu kufika kwenye tawi jembamba lililo juu ya maji, hivyo makinda yanakuwa salama. Utamwona mdiria, yule ndege mwenye mdomo mrefu ulionyooka, akijitupa majini na kutoka na samaki. Yangeyange na korongo hutembea taratibu kwenye kina kifupi. Kenge hujianika jua. Chini ya majani yaliyooza kuna vyura, na ndani ya maji kuna kambare, perege wadogo na watoto wa kereng'ende.

Jioni zamu hubadilika. Popo hutoka kuwinda wadudu, na bundi hutoka kuwinda panya. Najua wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi ni ndege wa uchuro. Lakini mama anayehifadhi mahindi na mchele ndani ya nyumba anapaswa kumshukuru, maana panya ndio chakula chake. Panapokosekana bundi, nyoka na kenge, na takataka zikawa nyingi, panya huzaliana bila kizuizi, nao hutuletea maradhi pamoja na hasara ya chakula.

Matete na miti nayo ina kazi yake. Mizizi huushika udongo ili ukingo usimeguke. Mashina hupunguza kasi ya maji ya mvua, na matope pamoja na takataka hunasa humo badala ya kwenda kuziba makalvati. Kivuli huyafanya maji yasipate joto kupita kiasi, na samaki hupumua vizuri. Hayo yote hufanyika usiku na mchana bila mtu kulipa senti moja.

Wala mambo hayaishii pale kwenye kijito chako. Chukua mfano wa Mto Msimbazi. Unaanzia kwenye milima ya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unapokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Hapo kwenye mdomo wake pamesimama mikoko. Kamba na samaki wengi wa baharini hukulia kwenye mizizi ya mikoko wakiwa wadogo, kabla ya kwenda maji makubwa. Mkoko aina ya mchu una mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli ili ipate hewa. Mfuko wa plastiki uliotupwa Ubungo ukifika pale na kuifunika, mti unakosa pumzi. Kwa hiyo mama wa Ubungo na mama wa Feri anayekaanga samaki wanahusiana, ingawa hawajuani.

MAJI HUFUATA MKONDO

Wazee walisema maji hufuata mkondo. Mto una kumbukumbu ndefu kuliko ya dalali. Unaweza kukaa miaka mitano bila kufurika, lakini unaijua njia yake, na siku ya mvua kubwa utairudia hata kama pamejengwa sebule.

Dar es Salaam tuliliona hilo kwa uchungu. Desemba 2011, katika juma lile tulilokaribia kusherehekea Krismasi, ilinyesha mvua kubwa ambayo jiji halikuwa limeipata tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na maelfu walibaki bila makao. Familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande mwanzoni mwa mwaka 2012, mbali na kazi zao, shule za watoto wao na majirani waliowazoea. Mafuriko yalirudi Aprili 2014, na tena Aprili 2018. Katikati ya hayo, Desemba 2015, ilianza bomoabomoa katika bonde la Msimbazi, na nyumba nyingine zikawekwa alama ya X. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa wameishi pale miaka mingi, wamezaa na kulea pale.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo. Mpango wake ni pamoja na kuwahamisha watu wa sehemu za chini kwa fidia, kujenga daraja jipya la Jangwani, kupanda miti kule juu mto unakoanzia, na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani kubwa ya jiji ambamo maji yanaweza kutanuka bila kuua mtu. Tazama basi gharama ya kuurudishia mto nafasi yake baada ya kuichukua. Kule Goba au Chanika, ambako nyumba zinajengwa sasa, nafasi hiyo bado ipo. Kuiacha ni rahisi kuliko kuja kuinunua upya.

Nikwambie ninachokiona mimi baada ya mafuriko. Wa kwanza kufika kituoni ni watoto wenye kuhara na kutapika, kwa sababu maji yamepita vyooni kabla ya kupita visimani. Wanafuata wenye vidonda vya miguu, waliokanyaga vioo na mabati ndani ya tope. Halafu huja akina mama wasio na kadi za kliniki, kwa kuwa zilikwenda na maji, ikatulazimu tuulize chanjo moja baada ya nyingine, na mama hakumbuki. Tena wapo wanaotumia dawa kila siku, za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, ambao dawa zao zilikuwa kabatini na kabati halipo. Hakuna anayeyahesabu hayo anapolipia kiwanja cha bei nafuu.

Hapo kuna tabia moja nayo lazima niitaje, maana sote tunaijua. Mvua ikinyesha kwa nguvu, baadhi ya nyumba za ukingoni hufungulia vyoo ili kinyesi kiende na maji. Kinakwenda, lakini kinakwenda kwa mwenzako. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huo husafiri katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Samaki na vyura hufa katika maji ya namna hiyo, na kifo chao ni onyo: maji yanayomwua chura si ya kuchezewa na mtoto wako.

JE, MBU HAWATATUMALIZA?

Akina mama wengi huniuliza swali hili, nalo ni swali la haki. Sitawadanganya kwamba kijito hakina mbu. Lakini si kila maji huzaa mbu sawasawa.

Mbu aenezaye malaria hupenda vidimbwi vidogo vya wazi vinavyopigwa na jua. Vidimbwi hivyo ni nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu ya malori ya mchanga, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Humo hamna samaki wala mtoto wa kereng'ende wa kula viluwiluwi vyake. Katika kijito kinachotiririka, chenye samaki, vyura na wadudu wawindaji, viluwiluwi vingi huliwa kabla havijaota mabawa. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolisumbua jiji mwaka 2014 na tena 2019, yeye huzaliana uani kwako, ndani ya pipa lisilofunikwa, tairi kuukuu na kifuu cha nazi. Na yule wa matende na mabusha hupenda maji machafu ya vyoo na mifereji iliyoziba.

Kwa hiyo mara nyingi ujenzi wenyewe ndio unaoleta mbu: matete yamekatwa, mkondo umezibwa, maji yamesimama, samaki wamekufa. Tumia chandarua chenye dawa kila usiku, fukia mashimo baada ya ujenzi, funika mapipa. Usimpe kijito lawama za pipa lako.

Kuhusu nyoka, ushauri wangu ni huu. Fyeka majani yaliyo karibu na nyumba yawe mafupi, usirundike matofali na kuni ukutani, na weka vizuri takataka za chakula ili panya wasije, maana nyoka hufuata panya. Ila yale matete ya ukingoni yaache. Nyoka mwenye mahali pake pa kuishi hana haja ya kuhamia jikoni kwako.

MITA 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Kwa mtu mzima, mita 60 ni hatua kama 80. Nenda mwenyewe ukahesabu. Mikoko nayo ina ulinzi wa zamani zaidi, kwani ilitangazwa kuwa misitu ya hifadhi tangu mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza.

Wengine huona mita 60 ni ardhi inayopotea bure. Lakini ndani ya nafasi hiyo mto hupata pa kutanukia wakati wa masika, na wanyama hupata njia ya kupita toka bonde moja hadi jingine bila kukatiza vyumba vya watu. Ukuta wa mawe ukingoni hauwezi kufanya kazi hiyo. Ukuta wa upande mmoja huyasukuma maji upande wa pili, yakamegue kiwanja cha jirani. Jirani naye hujenga wake, mto ukazidi kubanwa, kasi ikaongezeka, na wa chini yao ndiye anayebomokewa.

Kuna na suala la mchanga. Katika mito mingi ya jiji watu huchimba mchanga wa kujengea. Kila lori linapoondoka, sakafu ya mto hushuka na kingo hubaki wima, tayari kuanguka. Viota vya ndege wanaotoboa kingo hubomoka, na vyumba vya watu hufuata. Ukiletewa mchanga, uliza unakotoka. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa mto wa jirani inaukaribisha mto huo mlangoni.

"WATOTO WANGU AU VYURA?"

Mama mmoja aliniambia hivi baada ya kikao chetu cha akina mama kanisani: "Dada muuguzi, wewe unazungumzia vyura, mimi nina watoto wanne na kodi ya chumba imepanda. Hicho cha bondeni ndicho tunachokiweza." Sikumcheka wala sikumkemea. Umaskini ni mzigo halisi, na viwanja vilivyopimwa ni ghali kweli.

Lakini nilimwomba tufanye hesabu pamoja. Cha bondeni kinauzwa nafuu kwa sababu muuzaji anajua atakayelipa kilichobaki. Utakilipia kwa kifusi, kisha kwa ukuta, kisha kwa godoro na vitabu vya shule kila masika, kisha kwa dawa. Na siku serikali itakapokuja kupima, unaweza usiwe na karatasi ya kudai fidia. Heri kiwanja kidogo cha juu, hata kikiwa mbali na barabara, hata mkijenga chumba kimoja kwanza. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwa kiwanja ni vivyo hivyo: tusiogope kumwambia mzee "hapana" leo, tukaja kulia sote kesho.

Ongea naye kwa heshima, mkiwa wawili, si mbele ya dalali. Mpeleke akapaone wakati wa mvua. Macho yake yatafanya kazi ambayo maneno yako hayawezi.

TUANZIE WAPI?

Kwa mama ambaye hajanunua: nenda kwenye kiwanja kati ya Machi na Mei, masika yanapokuwa yamekolea. Tazama alama za maji kwenye mashina ya miti na taka zilizonasa matawini. Zinaonyesha maji yalifika urefu gani. Waulize wenyeji, hasa bibi na babu waliokaa pale tangu zamani. Fika ofisi ya serikali ya mtaa, kisha halmashauri, uulize ramani ya mipango miji inasemaje juu ya eneo hilo. Usitoe fedha kabla ya mpimaji kukuonyesha mita 60 zinaishia wapi.

Kwa mama ambaye tayari anaishi karibu na kijito: acha matete yaliyopo na usiyachome. Palipo wazi, panda miti ya asili ya eneo lenu, mkuyu ukiwemo. Shimo la choo na banda la nguruwe viwe mbali na ukingo, na dawa za kuulia wadudu wa mboga zisimwagwe majini wala pampu yake isioshwe mtoni. Taa za nje zielekeze chini, maana mwanga mkali wa usiku huwavuruga popo na wadudu.

Na nepi, mama zangu! Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini nepi za kutupa bado zinajaa mitoni. Nepi ina plastiki ndani yake, haiozi upesi, huvimba na kuziba kalvati, na hubeba kinyesi cha mtoto hadi kwa mtoto mwingine. Ondoa kinyesi chooni, ifunge, uitunze hadi gari la taka lifike. Mwenye nafasi arudie nepi za kitambaa walizotumia mama zetu.

Kwa akina mama walio kwenye umoja au kikundi: ikitangazwa kwamba nyumba nyingi zitajengwa karibu na mto wenu, hudhurieni mkutano wa mtaa. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi watakaoguswa wana haki ya kusikilizwa. Ulizeni maswali matatu tu. Maji ya mvua ya mapaa haya yote yataelekea wapi? Majitaka yatakwenda wapi? Na ukingo wa mita 60 umewekewa alama gani? Mkiwa wanawake 20 mnaouliza swali moja, litajibiwa.

Watoto nao wafundishwe. Mtoto anayejua jina la mdiria hatamrushia jiwe. Wapeni kazi ya kuhesabu viota vya mnana kila mwezi, wakiwa na mtu mzima na mbali na maji. Mwezi viota vitakapopungua, ninyi mtakuwa wa kwanza kujua kwamba kuna kitu kimeharibika huko juu, kabla hakijafika kwenye ndoo zenu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha za wafadhili. Jumamosi hii, kabla ya kufua, chukua kamba au miguu yako tu, uende ukingoni na kuhesabu hatua 80. Ukishazihesabu, simika kijiti hapo, uwaonyeshe wanao, na uwaambie: toka hapa kwenda kule si petu.